Fundi Mwenye Saa Yake

Julai 2010, katika wiki ya mitindo ya Amsterdam, mwanamitindo alipita jukwaani amevaa kivazi cheupe kilichojikunja mabegani na kifuani mithili ya kombe la baharini. Hakikuwa na mshono. Sindano haikupita ndani yake, wala mkasi, wala cherehani. Kilitoka katika mashine ambamo mwale wa leza uliunganisha unga wa nailoni, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo likatimia. Aliyekibuni, Iris van Herpen, alikuwa na umri wa miaka 26, na nyumba yake ya mitindo ilikuwa na miaka mitatu tu. Mwaka uliofuata jarida la TIME liliihesabu kazi yake ya mavazi ya kuchapwa miongoni mwa uvumbuzi bora 50 wa mwaka 2011.

Wengi huanzia hapo kumsimulia mbunifu huyu, na simulizi lao huwa la mashine: binti wa Kiholanzi aliyeingiza kompyuta kwenye nguo. Simulizi hilo lina ukweli, lakini linaacha nje jambo ninaloliona kubwa zaidi. Mashine ile mwenye fedha yeyote angeweza kuikodi. Kisichokodishwa ni miezi ya kukosea na kurudia. Van Herpen amefanya kazi kwa karibu miaka ishirini akiwa mwenye jina lake, mwenye karakana yake na, zaidi ya yote, mwenye saa yake. Yeye ndiye anayeamua gauni moja lichukue muda gani, na yeye ndiye anayesema kwamba bado halijaiva. Katika biashara ya mitindo, ambako kalenda ndiyo bwana, hilo ni jambo adimu. Nataka tulitafakari, maana linamgusa kila anayeishi kwa kazi ya mikono na akili.

Alizaliwa mwaka 1984 Wamel, kijiji kilicho kando ya mto Waal katika jimbo la Gelderland. Utotoni alicheza balei kwa miaka mingi, na bibi yake alikuwa na dari iliyojaa nguo za zamani, ambazo mjukuu alizivaa na kuzichezea. Baadaye akaenda Arnhem, kwenye chuo cha sanaa cha ArtEZ, na akahitimu mwaka 2006. Chuo hicho kina historia nzito kuliko ukubwa wa mji wenyewe. Ndicho kilichowatoa Viktor Horsting na Rolf Snoeren, wale wawili ambao ulimwengu unawajua kwa jina la Viktor & Rolf.

Kabla ya kusimama mwenyewe, Van Herpen alikaa mafunzoni kwa watu wawili ambao mikono yao ilikuwa haifanani hata kidogo. Mmoja alikuwa Claudy Jongstra, msanii Mholanzi anayejulikana kwa kugandisha sufu kwa maji na kusugua mpaka iwe shuka zito lisilofumwa. Mwingine alikuwa Alexander McQueen wa London, aliyejifunza ukataji katika maduka ya washonaji wa suti za wanaume mtaa wa Savile Row. Kwa Jongstra malighafi yenyewe ndiyo inayoongoza. Kwa McQueen mkasi ndio unaotawala. Aliyepita mikononi mwa wote wawili hawezi kuiona nguo kama picha ya kuchora kisha kumpa fundi aishone. Ataanza na kitu chenyewe, atakikunja, atakichoma, atakivuta, aone kinataka kuwa nini.

Mwaka 2007 alifungua nyumba yake ya mitindo. Kazi za mwanzo zilikuwa za mkono mtupu na vitu ambavyo hakuna aliyeviita kitambaa. Katika mkusanyiko wa mwaka 2008 ulioitwa Chemical Crows alitumia mbavu za miavuli. Katika Refinery Smoke wa mwaka huohuo alitumia wavu mwembamba wa chuma, ukafumwa laini mpaka ukaonekana kama moshi, na chuma hicho kilibadilika rangi kadiri hewa ilivyokigusa. Mtu anayeanza biashara na deni, kodi ya pango na wateja wachache angetarajiwa kushona kitu kinachouzika. Yeye alianza kwa kujenga msamiati wa malighafi. Faida ya uwekezaji huo haikuonekana mwaka ule wala uliofuata.

Hapa lazima tuseme wazi njia anazokuwa nazo mbunifu mchanga wa Ulaya mwenye kipaji. Ya kwanza ni kuajiriwa na nyumba kubwa ya Paris au Milan, abuni chini ya jina la mtu mwingine, mara nyingi la marehemu. Ya pili ni kuuza sehemu ya jina lake kwa kampuni yenye mtaji. Ya tatu ni kubaki mdogo na mwenye mamlaka, akijua kwamba kila mwezi wa mishahara utakuwa mtihani. Hakuna iliyo ya aibu. Viktor & Rolf, watangulizi wake wa Arnhem, walitoa manukato ya Flowerbomb mwaka 2005 pamoja na L'Oréal, na mwaka 2008 wakampa Renzo Rosso, mwanzilishi wa Diesel, hisa nyingi za kampuni yao. Biashara ikapata nguvu. Lakini mwaka 2015 wao wenyewe walitangaza kuacha mavazi ya tayari, yale yanayoshonwa kwa saizi na kupelekwa madukani, ili wabaki na mavazi ya kushonwa kwa mkono na manukato. Watu waliofika juu kabisa walitamka hadharani kwamba mwendo ule uliwanyima nafasi ya kuumba.

Ni mwendo gani huo? Anayeuza mavazi ya tayari hushika kalenda yenye meno. Lazima awe na mkusanyiko wa vuli na baridi, kisha wa machipuko na joto, na kati yao mingine midogo ya kuyalisha maduka. Wanunuzi wa maduka huja, huangalia, huagiza mikono ipunguzwe, rangi ibadilishwe, bei ishuke. Kiwanda hudai michoro kabla ya tarehe fulani. Nguo isiyofika dukani kwa wakati hurudishwa. Katika mzunguko huo wazo linalohitaji miezi minane linakufa mwezi wa tatu, na hakuna anayelizika, kwa kuwa hakuna aliyejua lilikuwapo.

Van Herpen naye alikuja kuupitia mwendo huo, ingawa kwanza alifunguliwa mlango mwingine. Mwaka 2011, akiwa na miaka 27, alialikwa na chama cha Paris kinachosimamia haute couture, yaani ushonaji wa hali ya juu wa nguo moja moja kwa kipimo cha mteja, awe mwanachama mgeni. Jina hilo Ufaransa hulindwa na sheria tangu mwaka 1945, na mapokeo yake hurudishwa nyuma hadi kwa Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua duka lake Paris mwaka 1858. Kwa mbunifu wa nje mwenye karakana ndogo, mwaliko ule ulikuwa mlango mkubwa. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2013 alijaribu pia mavazi ya tayari, akaonyesha katika wiki za mitindo za mavazi hayo kwa misimu kadhaa. Mwaka 2014 akapata tuzo kuu ya ANDAM ya Ufaransa, tuzo ambayo kwa kawaida hutolewa ili kumsaidia mbunifu akue kibiashara. Kila ishara ilimwelekeza kwenye kupanuka. Mwaka 2016 akarudi kwenye haute couture, na hapo ndipo alipobaki.

Sitamsemea moyo wake. Naangalia tu kilichofuata baada ya kurudi. Mikusanyiko yake ikawa midogo kwa idadi, mara nyingi mavazi yasiyozidi ishirini hivi, na kila moja likawa na mzigo wa utafiti ambao nyumba kubwa haiuwezi katika msimu mmoja. Mwaka 2017 alitimiza miaka kumi ya kazi kwa onyesho lililoitwa Aeriform, ambamo wanamuziki wa Denmark wa kundi la Between Music walipiga ala na kuimba wakiwa wamezama ndani ya matangi ya maji, huku wanamitindo wakipita katikati yao. Mwaka huohuo Uholanzi ikampa Tuzo ya Johannes Vermeer, tuzo ya taifa ya sanaa yenye thamani ya euro 100,000. Nchi iliyojenga fahari yake ya sanaa juu ya wachoraji wa karne ya 17 ilimtambua mshonaji kuwa wa safu ileile ya wasanii. Hukumu hiyo naiona sahihi.

Sasa tuangalie hilo neno linalopenda kuambatana na jina lake: anayejitegemea. Tukilisikia haraka tunamwona mtu peke yake usiku, taa moja, sindano moja. Ukweli wa karakana yake Amsterdam uko mbali na picha hiyo. Kivazi cheupe cha mwaka 2010 alikitengeneza na msanifu majengo Daniel Widrig, na kikachapwa na kampuni ya Materialise ya Ubelgiji. Mwaka 2013, katika mkusanyiko wa Voltage, alishirikiana na Neri Oxman, aliyekuwa mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, na msanifu Julia Koerner. Mkanada Philip Beesley, ambaye hujenga sanamu kubwa zinazotikisika mtu akizikaribia, amekuwa mshirika wake kwa miaka. Mholanzi Jólan van der Wiel alimletea sumaku: walichanganya chembe za chuma ndani ya utomvu laini, kisha sumaku ikauvuta juu mpaka ukasimama kwa miiba, na ukakaukia hapohapo. Magauni ya namna hiyo hayawezi kufanana mawili, kwa maana kila mvuto wa sumaku huacha umbo lake. Mwaka 2014 aliitembelea maabara ya CERN karibu na Geneva, ambako sumaku kubwa huongoza chembe ndogo kuliko atomu, na safari hiyo ikazaa mkusanyiko wa Magnetic Motion.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Van Herpen anajitegemea kwa namna ambayo methali hiyo ingeikubali. Anawategemea watu wengi kwa ujuzi, na hamtegemei yeyote kwa uamuzi. Mwanasayansi huja na maabara yake, msanifu huja na programu yake, fundi huja na vidole vyake. Lakini saa ya kusema endelea au simama inabaki mkononi mwa mwenye nyumba. Anayechanganya mambo hayo mawili huishia pabaya: ama hukataa msaada kwa kuogopa kupoteza uhuru, ama hupokea msaada na kukabidhi pamoja nao mamlaka. Nimewaona wasanii wa kila fani wakianguka upande mmoja au mwingine. Kusimama katikati kunahitaji tabia, na tabia haifundishwi katika mhula mmoja wa chuo.

Kuna jambo jingine katika ushirikiano huo ambalo msomaji wa Kiswahili atalipima kwa uzito wa pekee. Washirika wake hutajwa kwa majina, kwenye maonyesho na kwenye vitabu. Nasema hivyo kwa kuwa ukoo wetu na nguo ya Kiholanzi ni wa karibu kuliko tunavyodhani, na ni ukoo wa watu wasio na majina. Tangu karne ya 19 viwanda vya Haarlem, Leiden na Helmond vilichapa vitambaa kwa masoko ya Afrika, na baadhi ya kanga walizojifunga bibi zetu Zanzibar na Mombasa zilitoka huko. Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ingali hai, na Lubumbashi au Bukavu kitenge cha Uholanzi bado ni kipimo cha heshima. Kanga ilibeba maneno yake, na pindoni ikabeba alama ya mfanyabiashara, kama ile ya Mali ya Abdulla ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Aliyechora mji wa kanga, aliyeamua nukta ziwe ngapi na ua likae wapi, hakutajwa popote. Mwenye bidhaa alijulikana, mwenye mkono alipotea. Tukilikumbuka hilo, tunaelewa vizuri zaidi maana ya mbunifu kushika jina lake mwenyewe na kuyataja ya wengine waliomsaidia.

Turudi kwenye mashine, kwa kuwa hofu yake ni ya kweli na haijaisha. Fundi anayeona mashine ikitoa kivazi bila mshono ana haki ya kuuliza vidole vyake vitakula wapi. Jibu limo ndani ya mkusanyiko uleule wa 2010, ulioitwa Crystallization. Wakati huo ofisi ya wasanifu Benthem Crouwel ilikuwa ikijenga upanuzi wa jumba la makumbusho la Stedelijk huko Amsterdam, jengo jeupe ambalo watu wa mjini walikwisha kulibandika jina la beseni la kuogea. Van Herpen akawaza maji ya beseni hilo yakimmwagikia mtu. Alitaka gauni linalofanana na maji yaliyoruka na kuganda hewani. Mashine za wakati ule hazikuweza kumpa uangavu alioutaka. Basi akachukua plastiki angavu, akaipasha moto kwa hewa, akaivuta kwa koleo, tone kwa tone, kwa mkono. Katika onyesho moja, kazi iliyoonekana kuwa ya mashine ilikuwa ya mashine kweli, na ile iliyoonekana kuwa muujiza wa kompyuta ilikuwa ya koleo na jasho.

Tangu hapo mambo yamebaki hivyohivyo katika karakana yake. Leza hukata vipande vyembamba kama unyoya, na mikono huvipanga na kuvishona kimoja kimoja juu ya hariri. Kompyuta hutoa umbo, na vidole huamua kama umbo hilo linakaa kwenye bega la mtu anayepumua. Mwaka 2016 jumba la Metropolitan la New York lilifanya maonyesho ya Manus x Machina, kuhusu mkono na mashine katika mavazi, na kazi zake zilikuwamo. Zilistahili kuwamo, maana zinathibitisha kwamba ugomvi wa mkono na mashine huanzishwa na mwenye mali anayetaka kupunguza mishahara. Fundi akiwa ndiye mwenye karakana, mashine humwongezea kazi ya mkono, kwa sababu kila umbo jipya hudai namna mpya ya kulishona.

Na nguo hizi zote zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye mwili unaotembea. Hapa binti wa balei hajawahi kutoka. Mkusanyiko wake wa kwanza wa haute couture, Capriole wa Julai 2011, ulitokana na hisia za kuruka kutoka kwenye ndege kwa parashuti, mchezo anaoupenda: akili inavyojikunja kabla ya kuruka, na inavyofunguka hewani. Gauni moja lilikuwa la mifupa myeupe iliyochapwa, likimzunguka mvaaji kama kiunzi kilichohamia nje ya ngozi. Jingine lilijaa mikunjo ya nyoka weusi waliokuwa wakisukana. Mwaka 2013 alibuni mavazi ya Neverwhere, balei ya Benjamin Millepied kwa New York City Ballet, akayajaribu kwa kipimo kigumu kuliko vyote, yaani mchezaji anayeruka na kuinuliwa. Na mwaka 2021, miaka kumi baada ya Capriole, bingwa wa kuruka angani Mfaransa Domitille Kiger alilivaa gauni la buluu la mkusanyiko wa Earthrise na kushuka nalo kutoka mawinguni. Kwanza hisia za anguko ziliwekwa ndani ya nguo, kisha nguo yenyewe ikapelekwa kwenye anguko. Wazo moja lilipewa muongo mzima likomae. Hakuna duka ambalo lingelisubiri.

Najua pingamizi, na ni zito. Nani atayavaa mavazi haya? Wateja wake ni wachache na wana uwezo mkubwa. Mwimbaji Björk ameyavaa, Beyoncé ameyavaa, na picha zao ndizo zinazotufikia sisi wengine. Plastiki na utomvu vilivyojaa katika kazi zake za mwanzo ni malighafi ambazo bahari yetu imekwisha kuzichoka. Anayeyasema hayo hasemi kwa wivu. Uzuri unaowafikia watu mia moja na taka zinazowafikia watu wote ni hesabu isiyolingana.

Nimeipima hoja hiyo na ninakubali nusu yake. Gauni la Van Herpen halitatatua tatizo la mtu asiye na nguo. Lakini tuulize taka za mavazi zinatoka wapi. Marobota ya mitumba yanayoshushwa katika bandari zetu yamejaa nguo za viwanda vya haraka, zilizoshonwa na wasiojulikana, zikavaliwa mara chache, zikatupwa. Zilikuwa nafuu kwa sababu muda wa aliyezishona ulipunjwa. Mbunifu anayetengeneza mavazi ishirini kwa msimu, yatakayotunzwa na mteja au jumba la makumbusho kwa vizazi, yuko upande wa pili wa ugonjwa huo. Na kuhusu malighafi, amebadilika. Katika Earthrise alitumia kitambaa kilichotokana na plastiki iliyookotwa baharini, kwa ushirikiano na shirika la Parley for the Oceans. Aliyejipa nafasi ya kutafakari hupata pia nafasi ya kujisahihisha.

Mwishoni mwa mwaka 2023 jumba la Musée des Arts Décoratifs la Paris lilimfungulia maonyesho makubwa, Sculpting the Senses, yenye mavazi yake zaidi ya mia moja yaliyopangwa pamoja na kazi za sanaa, mifupa ya viumbe na visukuku. Mtu akipewa heshima ya namna hiyo kabla ya kufikisha miaka arobaini, hatari yake ni kujigeuza sanamu ya kujihifadhi. Yeye alichofanya ni kupunguza tena mwendo wa maonyesho ya kila msimu na kwenda kujifunza malighafi asiyoijua.

Matokeo yakaonekana Paris, Julai 2025, katika mkusanyiko wa Sympoiesis. Pamoja na mbunifu wa viumbehai Chris Bellamy, alionyesha vazi lililo hai. Ndani ya utando angavu walipandwa viumbe wadogo sana wa baharini, Pyrocystis lunula, milioni 125, ambao hutoa mwanga wa buluu wakitikiswa. Wavuvi wa pwani yetu wanaujua mwanga wa jamii hiyo; ndio unaowaka usiku wa giza kasia linapopiga maji. Viumbe hao walilelewa kwa miezi, wakapewa unyevu, joto la kiasi, na zamu za mwanga na giza, ili siku ya onyesho wawe hai na wawake mvaaji anaposogea.

Nimelifikiria vazi hilo mara nyingi, kwa sababu linaondoa kisingizio chote cha haraka. Pamba unaweza kuiharakisha kwa mashine kubwa zaidi. Mshonaji unaweza kumharakisha kwa kumtisha. Kiumbe hai hakiharakishwi. Kina mchana wake na usiku wake, na asiyekiheshimu hukipoteza. Mbunifu mwenye tarehe za maduka asingeweza hata kulijaribu vazi hili, hata angekuwa na kipaji mara mbili. Aliweza yule aliyekwisha kuzilinda saa zake kwa miaka kumi na minane, alipokataa kukua kwa namna ambayo wengine waliiita mafanikio.

Kwa hiyo tusimsome Iris van Herpen kama mchawi wa teknolojia, wala kama Mzungu mwenye bahati ya kuzaliwa karibu na maabara na tuzo. Bahati hiyo anayo, na mbunifu wa Dar es Salaam au Kampala hana. Lakini wapo wengi waliozaliwa na bahati hiyohiyo wakaiuza kwa msimu. Kilichomtofautisha ni uamuzi ambao fundi wa mahali popote anaukuta mezani pake kila wiki: kuikabidhi kazi kabla haijaiva kwa kuwa mteja amesimama mlangoni, au kumwambia kwa adabu arudi Alhamisi. Kijana anayeanza kubuni leo asitafute kwanza mashine. Atafute kwanza namna ya kuishi itakayomwachia saa za kukosea: gharama ndogo, washirika waaminifu wanaotajwa kwa majina yao, na ujasiri wa kukataa oda itakayomla.

Nasi tunaovaa tuna wajibu wetu, maana saa ya fundi iko mikononi mwetu pia. Ukipeleka kitambaa kwa mshonaji, muulize anahitaji siku ngapi ili aifanye kazi vizuri, mpe siku hizo, na uzilipie. Uzuri unaoupenda katika nguo ni muda wa mtu. Ukiupunja muda huo, umeipunja nguo yako mwenyewe.